Shanga ya Spi ku Shingo ya Fundi

Walimuleta mbele ya kitanda yangu ili nimutemee mate.

Nilikuwa nimelala ku baraza ya hospitali, muguu yangu imefungwa katikati ya mbao mbili, sababu ndani nafasi ilikwisha. Dada yangu mudogo, Furaha, aliyekufa wakati trakta ilitupindua ku mulima, walikuwa wamemuzika jana yake, na miye sikuona kaburi. Nikasikia ngoma inapanda kutoka soko. Nikawaza ni harusi. Kumbe ni Fundi wanaleta. Basoda na bunduki mbele, basoda nyuma, yeye katikati, kifua wazi, na waya ku shingo. Ku ile waya walitunga spi. Kwa mutu asiyejua: spi ni pete ya mpira yenye chuma ndani. Inakaa fasi muti ya chuma inatokea inje ya motere, ile injini, ili muti izunguke na mafuta ibaki ndani. Zilikuwa mingi, kubwa na ndogo, zinagongana ku kifua yake sawa shanga ya muchezaji.

"Mwizi ya spi!" mutu moya alikuwa anapiga kelele. "Muuaji ya batu ya mulima!"

Pembeni njo alikuwa anatembea Sitwayen Mbunzama (sitwayen, mwana-inchi, ni vile Chama ilitaka tuitane), mukubwa ya koperative yetu ya walimaji. Abakosti yake, ile koti bila tai ya watu wa Chama, imepigwa pasi, viatu haina hata vumbi, mu Bunia ile ya vumbi. Akainama kwangu na sauti ya padri.

"Mama, ni huyu. Tulimupa spi mupya, akaziuzisha, akatia ya zamani. Mutemee mate, roho yako ipoe."

Ule mupiga kelele akashika spi moya, akaiinua. "Angalieni! Hii njo iliuwa batu!"

Fundi akamugeukia na hasira yote. "Hiyo iko ya pompe ya mayi ya misioni, mujinga weye. Ya trakta ni ile kubwa, ku bega ya kuume. Ukitaka kunisingizia, unisingizie na kitu ya kweli!"

Watu walicheka, hata soda moya alicheka, akameza kicheko yake mbio. Miye sikucheka. Nikamuuliza tu:

"Fundi, ile spi ilikufa sababu ya nini?"

Akaniangalia murefu. Damu ilikuwa imekauka fasi waya inakata ngozi.

"Mama ya Samaki," akasema, "bado sijajua."

Mutu mwenye amevalishwa aibu ya namna ile angeweza kusema ni Mungu. Angeweza kusema ni shofere, na shofere alikuwa tayari mu udongo, hangejibu. Yeye akasema bado. Mate yangu nikaimeza. Na tangu ile siku, mutu akiniuliza mwanaume ni nini, ninaanzia hapo.

Alizaliwa wapi, ukoo yake ni gani, sitaandika. Kuko watu wanapenda kuanza na hiyo, na tumeona inawapelekaka wapi. Tulimuita Fundi, hata bibi yake wa ndoa alimuitaka Fundi. Alikuwa jirani yangu ku mutaa ya Mudzi-Pela, lupango na lupango, kiwanja yake na yangu zinagusana, miaka mingi.

Musiwaze alikuwa muzee mupole wa kuinamisha kichwa. Hapana! Mutu wa majivuno kumushinda katika Bunia sijaona. Asubuhi akiamuka alikuwa anasimama mu lupango, mikono ku kiuno, anaangalia barabara ya mikokoteni na makamyo sawa vile chifu anaangalia watu wake. Kamyo ikipita mbali, hajaiona, anasema, "Ile inakula valve," ao, "Ile shofere yake anaendesha na kasirani ya bibi yake." Mara zingine alikuwa anakosea. Siku moya alitangaza kwa watu wote kamyo fulani haitafika Komanda, na ilifika Komanda, ikarudi, ikapiga honi mbele ya mulango yake. Hakutoka mu nyumba mpaka jioni.

Na kuko hii kitu iliyotushinda kuelewa: hakukuwa anapandaka gari. Hata moya. Mutu wa kutengeneza motere za inchi nzima, na yeye anatembea na muguu, sanduku ya chuma ku kichwa. Ukimuuliza:

"Fundi, kwa nini hupande?"

"Weye unakulaka sombe ya mutu uliona namna anaipika?"

"Sasa watu wote wapande nini?"

"Wapande. Wao hawajui."

Mikono yake ilikuwa mikubwa kupita mwili. Kucha zilikuwa nyeusi hata siku ya Pasaka, lakini ku meza bibi yake alikuwa anamupa majani ya mupapayi asugue, na asiposugua, hapewi bugali. Pale tu njo nilimuonaka anatii mutu. Mafuta ya motere alikuwa anaijua na vidole. Anachovya, anasugua, ananusa, na akishindwa anaweka ku ulimi. Bibi yake akanyanyua sauti: "Utakufa na motere mu tumbo!" Yeye: "Heri motere kuliko ile pilipili yako."

Alikuwa anatukana wateja, anatukana makanisien, mafundi wa motere wenzake, anatukana na mvua. Lakini mama akipita na debe ya mayi ku kichwa, anaacha ufunguo chini, anamupisha njia na kumuamkia. Hakukuwa anapenda kanisa, anasema padri anaongea bila kupima. Lakini akiwa chini ya motere, peke yake, alikuwa anapiga mulunzi, nyimbo za kanisa tu, zote, mpaka za Pentekoste. Ukimwambia anapiga nyimbo ya Mungu, ananyamaza na anakasirika.

Sasa uzio yake. Watu wengine walikuwa na uzio ya majani ao ya miti. Yake ilikuwa waya, na ku waya alitundika vitu zilizokufa: piston zenye kupasuka, valve zenye kuungua, spi, mipira, minyororo. Watoto waliita ile uzio makaburi. Hakuna kitu iliyokufa mu mukono yake ilitupwa kabla iseme nini iliiuwa. Mutu akimuletea motere, anamupeleka kwanza ku uzio, anamuonyesha: "Hii iliuwawa na mayi. Hii iliuwawa na mwenyewe, alitia mafuta ya mawese akidanganya ni ya motere. Hii iliuwawa na miye." Ndiyo, zilikuweko zake pia, na alizionyesha na majivuno ile ile, kana kwamba kukosa kwake ni kubwa kushinda kukosa kwa wengine.

Neno yake ilikuwa hii: "Spi haikufake. Spi inauwawa."

Ile waya walimuvalisha ku shingo waliikata pale, ku uzio yake. Waliingia mu lupango, wakachuna spi zote sawa matunda. Njo maana ilikuwa na ya pompe ya misioni ndani. Sitwayen Mbunzama alifikiri amepata ushahidi ya wizi. Alikuwa amebeba masomo ya mutu bila kujua kuisoma.

Sasa nirudie trakta.

Ilikuwa trakta ndogo, ya muzungu mulimaji aliyekwenda wakati mashamba yaligeuka ya wana-inchi. Koperative iliipata na remorke yake, ile tela ya kuvutwa nyuma. Ilikuwa inalima mahindi na maharagi, na siku ya kupumzika mashamba inashuka ku ziwa, Tchomia, inapandisha samaki. Siye wamama wa samaki tuliipenda. Makamyo yalikuwa yanatutupa juu ya magunia, wachukuzi wanatushika-shika. Trakta ilienda pole, na tulikaa ku remorke yetu, tunaimba, tunachambua maneno ya wanaume. Furaha alikuwa anakaa mbele siku zote, anaegemea ubao, anatukana shofere.

"Weye shofere, konokono ametupita!"

"Shuka basi umupande yeye, shemeji."

"Shemeji ya nani? Hata mahari ya kuku huna!"

Ni vile alikuwa. Sauti yake ilikuwa inafika mbele yake.

Trakta ilikuwa na kasoro moya. Pembeni ya motere kulitoka tuyo, bomba ndogo inayoangalia nyuma, na hapo ilikuwa inatema moshi na matone ya mafuta. Hakuna mutu alijali. Mpaka siku ya mazoezi ya maandamano ya Chama. Ile miaka mulijua: lazima kucheza. Siye wamama tulipangwa mu remorke, tumefunga vikwembe mupya vyenye uso ya Mukubwa ya inchi, mbele uso, nyuma uso. Tukiwa tunafanya mazoezi ku uwanja, upepo ikageuka. Matone ya mafuta ikaruka ku remorke. Moya ikaanguka ku kikwembe yangu, mu jicho ya Mukubwa, jicho yote ikawa nyeusi.

Sitwayen Mbunzama aliona. Nakuambia, mutu alibadilika rangi.

"Uso! Uso ya Mukubwa!" Alikuwa anakimbia kuzunguka trakta sawa kuku. "Shofere! Ile kitu isiteme tena! Umesikia? Tafuta namna, funga, sitaki kuona hata tone moya kesho!"

Siye tulicheka chini ya pumzi, tukaendelea kucheza. Kesho yake trakta haikutema. Na walikuwa wameipaka rangi, motere yote kijani, rangi ya bendera, mpaka boulon za kukazia. Ilionekana sawa bibi-arusi. Mbunzama alipita mbele ya wakubwa wenzake, kifua imejaa.

Kisha ya hapo njo spi ya nyuma ilianza kufa.

Wakamuita Fundi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigusa ile trakta. Muzungu alikuwa na makanisien yake. Spi ya nyuma inakaa kati ya motere na ambreyaje, ile sahani inayoshika nguvu ya motere na kuipeleka ku magurudumu. Spi ikifa, mafuta inaingia ku sahani, sahani inateleza. Motere inalia, magurudumu hayasikie. Mu shamba ni hasara. Ku mulima ni kifo.

Fundi akatia spi mupya. Ikafa. Akatukana wachuuzi wa Mahagi, eti wanaleta mpira ya bandia. Akatafuta ingine, akaipima na meno, akaitia. Ikafa. Akasema muti ya chuma imechimbika fasi spi inasugulia, akasogeza spi kidogo ndani, ikae fasi laini. Ilikuwa kazi ya maarifa, alituita wote tuone. Ikakaa kidogo, watu wakamupongeza, akatembea na kifua mbele mu Mudzi-Pela yote. Ikafa.

Sijapata kuona mutu anateseka na kitu ndogo vile. Aliacha mulunzi. Bibi yake aliniambia ku uzio: "Jirani, usiku anageuka-geuka, anauliza ukuta maswali." Nilimukuta siku moya amekaa mu kivuli ya nyumba, spi tatu ku magoti, anazigeuza.

"Fundi, ni pete ya mpira tu."

"Mama ya Samaki, angalia. Hii mudomo yake haijakatika. Haijaungua. Haikulika. Imesukumwa tu, imegeuka inje, sawa mudomo ya mutu anayetapika. Kitu gani inamutapisha?"

"Labda alikula samaki yako ya juzi."

Hakucheka. Akainuka, akaenda na muguu ku ofisi ya koperative. Miye nilikuwa pale, kungojea nafasi yangu ya remorke, na nilisikia yote na masikio yangu.

"Sitwayen, trakta ilime fasi sawa. Isishuke ku ziwa. Sijaona nani anauwa spi."

"Wageni wanakuya," Mbunzama akajibu. "Wakubwa. Nimewaahidi samaki ya Tchomia."

"Watakula kuku."

"Weye njo utapanga chakula ya wakubwa?"

"Miye ninapanga motere. Kupanda ule mulima na muzigo, sahani itateleza."

"Spi si umetia mupya?"

"Mupya, ndiyo. Lakini—"

"Basi. Ukisema mupya haitoshe, unasema kazi yako ni bure. Chagua."

Alimushika fasi ya majivuno yake. Mbunzama alijua watu. Fundi alisimama pale, taya inacheza, na akasema neno ambayo mafundi wengine Bunia hii hawataisema hata ukiwapiga: "Kazi yangu ni bure mpaka nione sababu. Trakta isishuke." Mbunzama akafungua mulango, akamuonyesha barabara.

Trakta ikashuka.

Ya mulima nitasema kidogo. Tulipakia samaki ya chumvi na ya moshi, tukapanda. Katikati ya mulima, kabla ya Bogoro, motere ikalia sauti ya juu na tukaona miti inaacha kwenda nyuma. Kisha miti ikaanza kwenda mbele. Breki ilishika, ikaachia, remorke ilikuwa nzito sana. Shofere hakuruka. Angeweza kuruka, alikuwa kijana. Alishika usukani mpaka mwisho akitupigia kelele, "Rukeni, bamama, rukeni!" Wengi waliruka. Miye niliruka vibaya. Furaha alikuwa mbele, fasi yake ya siku zote. Remorke ilijipinda na ikapinduka upande ule yeye alikaa.

Imetosha.

Fundi alikaa mu kasho mpaka wakachoka kumulisha, wakamuachilia. Hakuna mutu alimuletea kazi. Watu walikuwa wanavuka barabara wakimuona. Bibi yake alienda soko, wakakataa kumuuzisha chumvi. Uzio yake ilibaki waya tupu. Na yeye, siku ya kwanza tu ya kutoka kasho, bado alama ya waya ku shingo, alisimama mu lupango asubuhi, mikono ku kiuno, anaangalia barabara. Nilimuona kutoka mulango yangu, niko na fimbo na mbao zangu ku muguu, na nikasikia kitu inasimama ndani yangu, pamoja naye.

Trakta walikuwa wameivuta na kutupa nyuma ya depo ya koperative, karibu na soko. Magurudumu imepinda, usukani imevunjika, lakini motere nzima. Hakuna aliyeikaribia, sababu ya damu. Fundi alichagua siku ya soko, jua ya saa sita, watu wamejaa. Akapita kwangu.

"Mama ya Samaki, unaweza kutembea?"

"Vibaya."

"Vibaya inatosha. Kuya, uwe macho yangu. Miye leo sina macho, nikiona kitu watasema nimeileta mufukoni."

Tulikwenda. Watu wakatufuata, wengine wa kutukana. Akatia mafuta, akazungusha manivela, motere ikawaka, inatetemesha ile mifupa ya trakta. Akatuambia tuangalie nyuma, fasi ya spi. Tukaona mafuta inachuruzika. Kisha akafungua kifuniko ya juu, kile cha kutilia mafuta, akaacha wazi. Tukangoja. Ile kuchuruzika ikapunguka, ikaacha.

"Namna gani?" mutu moya akauliza.

Fundi akageukia wachuuzi. Akachukua mufuko ya nailoni kwa mama ya chumvi, ile ile aliyekataa kuuzishia bibi yake, akafunga mudomo ya mufuko juu ya tundu. Mufuko ikavimba, ikavimba, sawa shavu ya mupiga tarumbeta, ikapasuka.

"Munaona? Motere inakula moto. Moshi kidogo inashuka mu tumbo, fasi ya mafuta. Kila motere iko na pua ya kutolea hiyo moshi. Hii pua yake imezibwa. Pumzi inatafuta mulango, na mulango zaifu ni spi." Akajipiga ku paji. "Na miye, jogoo ya Mudzi-Pela, niliwaza hii inapumulia ku kifuniko sawa zingine. Niliangalia fasi mafuta inatokea. Sikuuliza ni fasi gani ilitaka kutokea!"

Alisema vile mbele ya soko yote. Na sauti ile ile ya majivuno.

Akaanza kutafuta na vidole, pole, pembeni ya motere, chini ya rangi ya kijani. Akaacha. Akatoa kisu, akakwangua. Tuyo ikaonekana, mudomo yake imejaa rangi sawa ukuta. Akakwangua tena: mbao. Kijiti ya kalitusi, imezungushiwa nailoni, imepigwa na jiwe mpaka ndani.

"Mama ya Samaki. Vuta weye."

Nikaweka fimbo chini. Nikavuta na koleo. Ilikataa, kisha ikatoka, na motere ikapumua. Sina neno ingine. Ilipumua murefu, na moshi ikatoka na matone ya mafuta, ikaruka ku kikwembe yangu.

Pale njo nilikumbuka. Siku ya mazoezi. Jicho ya Mukubwa. Nikasema na sauti ambayo Furaha angesema: "Ni Mbunzama! Alisema funga, sitaki kuona hata tone! Siye wote tulimusikia, bamama, si tulikuwa wote mu remorke?" Na wamama wakaanza kusema, "Ndiyo. Ndiyo, tulisikia. Ilikuwa siku ile."

Mutu alikwisha kukimbia kumuita. Mbunzama akafika, abakosti yake, viatu yake. Akaona tundu. Akaona kijiti mu mukono yangu. Hakukana. Mutu asiwaze alikana.

"Ilikuwa inachafua uso ya Mukubwa ya inchi," akasema. "Mulitaka nifanye nini? Nifungwe? Na nyinyi mufungwe na miye?" Kisha akageuka kwangu, sauti inakuwa ya chini. "Weye mama, unataka kusema ile uso ilikuwa kitu ndogo? Sema basi. Sema mbele ya batu wote, kwamba uso ya Mukubwa ni kitu ndogo kuliko trakta."

Mama wa chumvi akaangalia miguu yake. Ni vile tulifungwa midomo, na kijiti ya namna ingine. Mutu akitaka kushitaki, lazima aanze na ule uso, na hakuna mutu Bunia angeanza na ule uso.

Fundi peke yake akafungua kinywa. "Ungeniita," akamwambia, pole sana, sikuwa namujua na sauti ile. "Tuyo ni tuyo. Ningeipinda, iangalie chini. Kazi ya kunywa chai moya."

Mbunzama akanyosha mukono. "Leteni ile kijiti."

Lakini kijiti ilikuwa imekwisha kupotea. Niliitia kati ya mbao za muguu yangu, na nani atatafuta mbao mu mbao?

Hakuna kesi ilikuweko. Hakuna mutu alikwenda kwa Fundi kusema pole ku soko, fasi ile ile walimutembeza. Watu walirudi pole pole na motere zao, usiku-usiku kidogo, sawa watu wanaenda kwa muganga. Aliwatengenezea. Aliwatukana pia. Lakini mwaka haukuisha, akabeba sanduku yake ku kichwa, bibi yake nyuma, akaenda na muguu mpaka Komanda. Hata kuhama hakupanda gari.

Nilimuona tena juzi-juzi, miaka imepita, trakta imekuwa kutu, na abakosti ya Mbunzama imempunguka ku tumbo. Nilipeleka samaki Komanda, ku ile njia panda makamyo yanalala. Nikaona uzio ya waya, imejaa vitu zilizokufa. Sikuuliza ni ya nani.

Jicho yake moya imekuwa ya maziwa. Akanijua na muguu.

"Ile hatua ni ya Mama ya Samaki. Hatua ya gurudumu yenye kukosa boulon."

"Na weye, Fundi, bado hujakufa na pilipili?"

"Ananipunguzia. Ananihurumia. Ni alama mbaya."

Tulikula. Aliniuliza habari ya watu, moya moya. Mwishoni akauliza, anaangalia barabara: "Mbunzama alijibu?"

"Hapana. Yuko na duka ku barabara kubwa. Ku kanisa anakaa kiti ya mbele."

Nikafungua pembe ya kikwembe yangu, nikatoa kijiti. Ilikuwa nyeusi na mafuta, bado rangi ya kijani ku mwisho. Nilikuwa nimeileta kwa ajili yake. Nikamwambia aitundike ku waya, katikati, watu waone.

Akaishika, akaigeuza na vidole vile vikubwa, akaipeleka ku pua. Kisha akairudisha mu mukono yangu na kunifunga vidole.

"Hapana. Waya yangu ni ya vitu zilizokwisha kusema nini iliziuwa, zikapumzika. Hii bado. Hii iko muzima. Kaa nayo mpaka mutu ajibu, kisha uilete."

Alinisindikiza mpaka ku kamyo. Akainama, akasikiliza motere, akamwambia shofere aangalie mukanda. Shofere akacheka, "Panda, muzee, tukupeleke Bunia!" Fundi akamwambia, "Miye nilikwisha kutembezwa Bunia. Bado ninangoja wanirudishe."

Sasa weye, Sitwayen Mbunzama. Najua watoto wako watakusomea hii. Ule uso leo uko ku vitambaa vya kupangusia meza, na hakuna mutu anafungwa sababu yake. Huna tena nyuma yake fasi ya kujificha. Nyumba yangu unaijua, Mudzi-Pela, mulango ya buluu, samaki ku kamba. Kijiti iko juu ya meza. Sitaki ng'ombe yako, sitaki pole yako ya kanisa. Kuya mu soko, siku ya soko, jua ya saa sita, fasi ile ile ulipitisha muzee wa watu na waya ku shingo. Useme na kinywa yako nani alifunga pua ya ile motere, nani aliambiwa isishuke, nani aliishusha. Kisha tutatembea na muguu, weye na miye na hii muguu yangu, mpaka Komanda, umwambie yeye.

Anangoja. Jicho moya bado inaona.

Jibu.